Kaburi Ng'ambo ya Mto

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Mkutano. Jumamosi lori linakuja, watu wote washuke kijiji kipya cha barabarani. Nyumba zitaezuliwa ili asirudi mtu. Bwana aliyetumwa na serikali aliyasema kwa upole – bora angefoka.

Nimewaambia darasa la sita: kijiji tukichore kabla hakijafa. Kipimo cha ramani, sentimita moja kwa mita kumi. Kamba ya katani, fundo kila mita. Wamefurahi! Modesta akauliza, kaburi la mama yake litaonekana? Lina mita mbili, nikamwambia, piga hesabu. Akapiga. Milimita mbili.

Mama yake alifariki kwa uzazi masika haya. Msalaba ni wa miti tu. Majani yakifunika, bila ramani hawatalipata tena.

Jumatano, 4 Septemba

Tumepima, kamba chini, kutoka kanisani kushuka mpaka makaburini. Watoto wanahesabu mafundo kwa kelele, vumbi mpaka puani. Nilisahau kabisa habari ya lori. Siku njema, jamani.

Alhamisi, 5 Septemba

Aibu! Tumechora. Mto tuliupima kutokea shuleni, bondeni kwenye tambarare, umekaa mahali pake. Kaburi limeangukia ng'ambo ya mto – na liko huku huku! Modesta akaweka kidole. "Mwalimu, mama umemvusha mto." Akalia, nami nikageukia ubao.

Jioni akaja bibi yake, Bibi Magdalena. Hakukasirika. Alisema tu kwamba ng'ambo ni ardhi ya ukoo mwingine, na mwanawe hawezi kulala kwa watu.

Kosa langu. Turiani nilikokulia ardhi ni tambarare, unatandaza kamba basi. Hapa kamba inafuata mteremko, inakula mita ambazo ramani haizitaki. Ilipaswa kuvutwa sawasawa hewani, jiwe lining'inizwe kwenye ncha kuonyesha pa kuweka alama chini, kipande kwa kipande. Chuoni walinifundisha. Nimewapotosha watoto wa watu.

Ijumaa, 6 Septemba

Shule imefungwa. Watoto wamebaki majumbani kufunga mizigo. Kamba iko kwangu. Sina wa kushika ncha ya pili.

Jumamosi, 7 Septemba

Lori limewahi. Bibi Magdalena yuko juu ya lori tayari, kuku wake mapajani. Modesta haonekani, wanamwita. Nikajua alipo.

Nimemkuta kanisani. "Shikamoo mwalimu. Umekuja na kamba?"

Tunapima. Ncha yangu nimeifunga kwenye mti, kila kipande nakiandika humu, karatasi nyingine sina. Tumepita nusu. Juu wameanza kuezua kwa Bibi Magdalena, nasikia makuti yakianguka. Honi. Sauti ya mwanamume inasema tutaachwa.

Modesta yuko chini yangu, ameinua kamba juu ya kichwa, jiwe linaning'inia kwenye ncha. Anaomba nisiandike bado, jiwe linacheza.

Honi tena. Nasubiri litulie.