Kushoto kwa Kipa

Fedha, Nairobi

Shangazi mpendwa,

Huku hatujambo. Mdogo wangu Elsie ameota meno mawili. Mimi bado ni kipa wa hoki ya barafu. Kocha hunifunza kusoma bega na gongo la mpigaji, kwa sababu kile kisahani tunachochezea badala ya mpira kikishapigwa hakikamatiki.

Jana nilifungwa mara tatu, zote kushoto. Nuradin, beki wetu, akafoka, "We Kezia, umelala golini?" Sikulala. Upande huo sikuona mtu, niliona ukungu.

Shangazi, kabla hujapofuka, ilianza hivyo? Willis anayekusomea barua hii asimwambie Baba, ataniondoa kwenye timu. Ulisema kwamba ungewahi, daktari angeyaokoa macho yako. Shule zikifungwa nitakuja, unipeleke kwake.

Mwanao akupendaye,
Kezia