Kijani cha Ndege ya Baba

S.L.P. 40417,
Temeke,
Dar es Salaam.
14 Novemba, 1998.

Mpendwa Kaka Mudathir,

Assalaam alaykum, na shikamoo kaka. U hali gani na baridi ya huko Uingereza? Sisi afya tunayo, Alhamdulillahi, isipokuwa Baba, na hali yake ndiyo iliyonikalisha kuandika. Barua hii anakuletea jirani yetu Albano anayesafiri kuja huko kesho, kwani kwa posta ingechelewa.

Kompyuta uliyotutumia inafanya kazi, na disketi ya ule mchezo unaoutengeneza wa kurusha ndege ilifika salama. Ndege uliyoipaka rangi humo imefanana mno na ile aliyoipaka Baba uwanja wa ndege, kabla kampuni yao ya ndege haijavunjwa, mafundi wakapunguzwa. Mama alipoiona alikaa chini. Ulitaka Baba achague, kati ya rangi tatu za kijani ulizoleta, ipi ndiyo ya mstari aliouchora ubavuni mwa ndege ile.

Siku ya kwanza alichagua ya pili. Kesho yake akasema hapana, ni ya kwanza. Nilipomwonyesha tena akasema, "Mwanangu, rangi haihukumiwi ikiwa mbichi. Iache ikauke." Tulicheka mpaka mdogo wetu Zubeda akapaliwa na chai. Unamjua Baba, hata geti letu alipolipaka rangi alikataa litazamwe mpaka asubuhi ya pili. Tukadhani ni ufundi wake tu na ubishi wa uzee.

Jumatatu akaja Mzee Mwishehe, mwenye gereji ambako Baba anapulizia magari rangi. Hakutaka hata kukaa. Alisema mlango wa gari la mteja aliopulizia Baba umetoka na rangi tofauti na ubavu wa gari, na si mara ya kwanza. Akaongeza, "Munira, mie namheshimu mzee wako, lakini mtazameni macho." Baba alimsikia toka ndani, akagomba hadi majirani wakachungulia.

Jioni ile niliwasha kompyuta, nikaikuza ndege ikajaa kioo kizima. Nikamwuliza, rangi ipi? Akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Kisha akauliza polepole, "Hiyo ndege umeiweka wapi?" Niliushika mkono wake nikauweka juu ya kioo. Hakuuondoa.

Tulimpeleka hospitali. Daktari anasema jicho la kushoto limekwisha. La kulia litaokoka akifanyiwa upasuaji Alhamisi hii inayokuja. Akingoja, nalo litamfuata mwenzake. Baba hataki. Anasema fundi rangi aliyepasuliwa jicho hapewi kazi na mtu, bora afe na jina lake. Mama analia tu, mimi nimeshagombana na Baba mara mbili. Naogopa, kaka, sikufichi.

Baba anakusikiliza wewe tu. Piga simu gereji Jumatano asubuhi, bado anakwenda kukaa pale kila siku. Usimbembeleze wala usimlilie. Akikuuliza mstari umefikia wapi, mwambie hujaugusa, unamngoja auone mwenyewe.

Mama, Zubeda na Shangazi Mwamvita wa Kigamboni wanakusalimu sana. Baba hajatuma salamu, kwa kuwa hajui kama nakuandikia. Mungu akulinde huko uliko, na atuachie lile jicho moja.

Nduguyo akupendaye kwa dhati,
Munira