Mgongo wa Diwani Umepona

Masukulu,
Tukuyu.
14 Juni 2025

Mpendwa mume mwenzangu Andongwisye,

Ugonile, mjukuu wangu. Hujambo huko Arusha? Na hao wageni wako wanaolipa ili waumie makalio, hawajambo? Mimi mzima. Nakula, nalala, goti linalalamika mvua ikinyesha, na mvua ya kwenu unaijua. Nimeona niandike, maana kwenye simu kila mtu ananipa pole tu.

Kwanza farasi wako. Lile jeraha ulilotuachia mliporudi kutoka Kitulo limefunga, na manyoya yameota pale, meupe kama mvi zangu. Wewe fundi wa kupandisha wazungu, blanketi la chini ya tandiko ulilikunja vibaya. Mkunjo mdogo, mwendo wa kutwa, ngozi ikaisha. Bibi yako, mke wetu sote wawili, aliutambua kwa kupapasa tu. Ndiye aliyemwosha kwa maji ya chumvi, na ndiye aliyempa jina la Diwani, kwa kuwa anakula cha kila mtu na hajibu swali.

Mimi nilimtunza kama ng'ombe, ndiyo shule yangu. Siku za mwanzo sikumwona akicheua, nikasema tumekwisha, ng'ombe asiyecheua ni wa kuchinjwa. Nikamwita jirani yetu Noah tumnyweshe dawa ya tumbo. Teke nililopata lilinikalisha kwenye migomba. Bibi yako alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyo hacheui tangu aumbwe, mzee! Andongwisye aliniambia." Nikamuuliza mbona hakusema. "Nilitaka kuona."

Kwato nazo nazishika. Tope la huku linaozesha, kwa hiyo jioni nazichokonoa kwa kijiti, kisha namtandikia majani makavu ya migomba.

Mazishi ya bibi yako umeshasimuliwa. Ulikuwa porini na wageni, mtandao hakuna, sikulaumu. Watu walijaa. Elina wa kwaya alilia kuliko wote, na alikuwa hampendi. Mimi sikulia, mpaka leo. Machozi yamegoma kama maziwa ya ng'ombe aliyefichwa ndama. Nakaa tu. Chai inapoa mkononi, wananiletea nyingine, nayo inapoa. Mchungaji alinipa neno nikasema amina. Neno gani, sijui.

Sasa hilo lori lako. Umesema litakuja mwisho wa mwezi kumchukua, wageni wa Julai wampande. Kweli mgongo unabeba. Hata safari ataiweza, mradi anyweshwe maji njiani na asifungwe kichwa kwa kamba fupi. Nilifikiria kusema bado anaumwa, lakini Mwalimu Medard anayekuletea barua hii amemwona akikimbia hovyo kwenye kahawa yangu.

Ila kila asubuhi anakuja kusimama mlangoni pa jiko, anangoja maganda ya ndizi ya bibi yako. Juzi nikajaribu kumwita kwa ile sauti nyembamba ya marehemu: "Diwani, njoo baba!" Akasimamisha masikio, akanipita kama gogo, akachungulia jikoni. Nikaenda nami nikachungulia. Tukasimama pale wawili. Hakukuwa na mtu.

Wengine wote wananiambia pole, nami sisikii kitu. Yeye hunikanyaga mguu, na hapo nasikia. Niachie huyu, mjukuu wangu. Wageni watafutie mwingine. Lori likija, lije na wewe, si na kamba.

Msalimie mkeo Lilian, mwambie bado namngoja aje aonje maziwa ya mgando kabla sijasahau kuyagandisha. Msalimie na mdogo wako Hellen. Noah anakusalimu, anadai teke lile lilimhusu yeye pia. Mungu akufunike huko milimani, na akufundishe kukunja blanketi.

Ni mimi nikupendaye, mgane mwenzako,
Babu Alinanuswe