Migongo Mbele ya Kioo

Mogogosiek, 3 Machi 2025

Kwa Kugo, babu yangu mpendwa,

Chamgei. Nakuomba usome barua hii peke yako, kisha uitie motoni. Hata Kogo, nyanya yangu, asisikie neno. Nikijulikana nitafutwa, na nyumbani ni mimi tu mwenye kazi.

Mimi ni mzima. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii?

Kugo, mjukuu wa mzungu aliyekuwa meneja hapa zamani ametuma sanduku kutoka Uingereza. Kampuni yetu ya majani chai itafungua makumbusho katika nyumba ile ya mzungu, Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne. Mimi karani ndiye ninayeandika kadi za maelezo. Vibuyu na vigoda si neno. Lakini kuna kitu cha tumdo, jando la wanaume. Nilipokifungua nilijua mara moja kwamba mwanamke hapaswi kukiona. Umbo lake siandiki. Kitawekwa ndani ya kioo, watoto wa shule wakitazame.

Nilimweleza meneja wa sasa, akacheka. "Karani, andika: zawadi kutoka kwa wazee."

Zawadi, Kugo. Nifanye nini?

Mjukuu wako,
Chepngeno

Sosiot, 7 Machi 2025

Mjukuu wangu,

Chamgei mising. Magoti yanauma lakini ng'ombe anakamuliwa. Barua nimeichoma.

Wewe hukukosa. Baba yangu alisema askari wa wakoloni waliteketeza nyumba ya vijana wa jando, wakabeba vitu majivu yakiwa bado moto. Hiyo ndiyo zawadi yao. Usikiguse tena, usiandike uongo, wala usikiibe. Jumamosi hiyo ya ufunguzi ukituona sisi wazee, nyamaza.

Kugo wako

Mogogosiek, 17 Machi 2025

Kugo,

Chamgei. Natumaini mlifika salama na mvua ile.

Mlipoingia na makoti yenu ya kanisani nilidhani mtavunja kioo. Kumbe mnakipa mgongo tu, bega kwa bega, hadi wageni wakaona makoti matupu. Meneja akalalamika kwamba mnaziba maonyesho. Nilisikia ukimjibu, "Endelea na hotuba, kijana. Sisi tunasikia kwa mgongo."

Leo meneja ameniinulia ile kadi niliyoiacha tupu, akauliza nani aliwaita wazee. Nilisema ni mimi. Nimefutwa. Kioo kimefunikwa blanketi, na eti mtaitwa kujadiliana. Wajadiliane nini juu ya kitu cha wenyewe? Kimevuka bahari kurudi, kikaishia kwa walewale.

Chumba cha kampuni nakihama leo. Usipige ile namba niliyokupa, ni simu ya ofisi. Mtume Kipngeno, huyu aliyekuletea barua. Aulize kwa Jecinta mshonaji, ninakohamia, mlango wa kijani karibu na kituo cha kununulia majani. Asitaje jina langu. Aseme ameleta maziwa, kisha anitajie siku mtakayorudi. Ndani sitaingia. Nitawashikia makoti nje ya mlango, nikiwapa mgongo mkikitoa.

Mjukuu wako,
Chepngeno