Kibali cha Kumwamsha Mtakatifu

Bibi yangu Eufrasia,

Nakusihi, barua hii usimsomee mtu yeyote, hata padri. Mimi mzima, na zile tamale zako za unga wa mahindi zilifika zikiwa bado laini.

Mkuu wangu aliinyima bendi ya mtaa kibali cha kumpigia muziki Mtakatifu Mikaeli alfajiri ya sikukuu yake, eti wageni wa hoteli wamelala. Mzee Fidencio, mpiga tarumbeta, akanicheka dirishani: “We karani, tangu lini mtakatifu akaamshwa kwa kunong'onezwa?” Mkuu alipokwenda kula, nikaugonga muhuri wake kwenye kibali chao.

Walipiga, Bibi, mpaka vioo vikatetemeka! Sasa mkuu anamtafuta mkosaji. Kesho nitakiri mwenyewe.

Usipige simu ofisini. Piga kwa Doña Brígida muuza mikate, kesho hiyo saa kumi na moja jioni. Nitakuwepo, niwe na kazi au nisiwe nayo.

Mjukuu wako,
Anselmo