Nyuki wa Baba na Sinema Uliyonitumia

Mjukuu wangu Mwende,

Huku tuko wazima, nyanyako anakusalimu, na mbuzi amezaa mapacha. Ile sinema ya watu wa sayari ya mbali nimeitazama yote. Miti yao inang'aa vizuri sana. Unauliza kama sisi pia tuliishi na msitu bila kuuharibu.

Ujanani, kuvuna asali, hakuna aliyenishinda kutoka hapa mpaka mji wa Mwingi. Baba alinipa mzinga wake akasema, "Masega ya nyuma waachie nyuki wenyewe." Nikabeba yote, nionekane mwanaume. Nyuki wakahama.

Baba akaniambia, "Haya bingwa, waite warudi."

Alikufa kabla hawajarudi.

Sinema inasema waharibifu hutoka mbali, wakiwa na mashine. Mimi nilitoka nyumba hii hii, na kisu kimoja.

Ni mimi, babu yako.