Punje Mbili kwa Naomi

Mama,

Nimekikalia kiti chako cha halmashauri ya shule kwa muhula mmoja tu, na tayari nimekiaibisha. Nakuandikia upate habari kutoka kwangu mwenyewe kabla hujaipata kwa mtu mwingine. Sijui huko mliko habari za Tarasaa zinafika kwa njia gani, lakini kama zinakufikia kama zilivyokuwa zikikufikia hapa, basi umeshajua kitambo.

Tangu utuache, mto ulipanda, ukachukua mpunga wetu wa upande wa chini. Cherehani yako naitumia mimi. Bado inanikatia uzi nikiiharakisha, na bado naitukana kwa Kipokomo kama ulivyokuwa ukifanya, mteja wa Kiorma akikaa pale ananitazama asielewe. Shuleni amekuja mwalimu mkuu mpya, mama mchapakazi, msafi, mwenye maombi. Mungu anisamehe, simpendi.

Unakumbuka madaftari ya maombi? Uliyaanzisha wewe ulipokuwa matroni: kila msichana ana daftari lake, anaandika anachotaka kumwambia Mungu, na hakuna mtu wa kulifungua. Ulikuwa ukisema, "Hiyo barua ina mwenyewe, na mwenyewe si mimi." Siku hizi yanakusanywa kila Ijumaa, yanakaguliwa kama ya hesabu. Ndivyo daftari la Naomi lilivyosomwa.

Naomi wa kijiji cha Hewani, Mama, yule mtoto wa Fomu Tatu anayelelewa na nyanya yake tuliyepakana naye shamba. Yeye ndiye aliyekuwa akikusomea Zaburi macho yako yalipoanza kukataa. Alimwandikia Mungu kwamba amengoja awapende wavulana kama wenzake, na haiji. Kwamba moyo wake unaelekea kwa wasichana, na hajui afanye nini nao. Mwalimu mkuu akamwita, akamwuliza kama ni kweli. Angeweza kusema alikuwa anatania tu. Mimi katika umri wake ningesema hivyo haraka sana. Yeye akajibu, "Ni kweli, mwalimu. Sijafanya lolote. Lakini nikisema si kweli nitakuwa nimedanganya." Siku hiyohiyo akarudishwa Hewani na sanduku lake la bati, angoje uamuzi wetu.

Basi tukakaa kikao, wajumbe tisa. Mchungaji akasema shule ni ya kanisa, si ya serikali, na mzazi alitia sahihi fomu kwamba mtoto atafuata mafundisho yetu. Mwalimu mmoja mstaafu akasema Katiba hairuhusu mtoto abaguliwe. Mchungaji akasema Katiba hiyohiyo inalinda dini. Wote wawili walikuwa na nakala, Mama, na kila mmoja ametia alama kurasa zake. Nikawa namkubali kila anayesema, mpaka aliyekaa kando yangu akanicheka.

Mzee Godana, mwakilishi wa wazazi wa Kiorma, alikuwa wa mwisho. Akasema, "Kwetu pia hii kitu haikubaliki. Lakini hii mtoto, tukimfukuza, nani atamchukua? Ile shule ingine si itauliza kwa nini ametoka hapa?"

Hapo nilikutafuta, nikakupata mara mbili. Kuna Mama yule aliyesimama mlangoni pa bweni siku walipotaka wasichana wa Kiislamu walazimishwe ibada, akasema anayetaka kumlazimisha mtoto wa mtu kuimba asichokiamini aanze na yeye. Na kuna Mama yule aliyemwambia afisa wa elimu, mbele ya wageni, "Kama hatuwezi kuamua nani asome kwetu, tuondoe huu msalaba juu ya paa, tuwaachie serikali." Ningemwuliza yupi kati yenu? Na juu ya watu kama Naomi hukuwahi kusema neno. Nimeipekua miaka yote niliyoishi nawe, neno sikulipata. Ulinyamaza kwa sababu hukujua kwamba wapo, au kwa sababu ulijua? Swali hili linanichosha. Nalianza upya kila siku.

Ikaja kura. Tulipiga kwa desturi yenu ya zamani: kila mjumbe anapewa punje ya mpunga na punje ya mahindi, kibuyu kinapitishwa kimefunikwa kitambaa, unatia moja na nyingine unaificha mfukoni. Mpunga, mtoto arudi. Mahindi, aende. Kibuyu kilipofika kwangu nilifumba macho nikaomba. Sijui niliomba nini. Vidole vilifunguka vyote, Mama, nikasikia punje zikigonga ndani ya kibuyu, moja, halafu ya pili.

Katibu alizimwaga kwenye sinia. Tulikuwa tisa na punje zilikuwa kumi: za mpunga tano, za mahindi tano.

Kumbe wenzangu walikuwa wamegawanyika sawasawa, wote walikuwa wananingoja mimi bila kujua.

Sikiliza sasa nililolifanya, maana hili ndilo lililonileta. Watu walimtazama Mzee Godana. Mmoja akasema kwa upole, tena upole ule wa kuudhi, kwamba mzee huyu si wa kanisa, huenda hakuelewa utaratibu wetu. Naye, kwa kutotaka ugomvi, akasema, "Labda ni mimi, mkono imezeeka." Nikanyamaza. Nilikaa pale, mikono mitupu mapajani, nikamwacha mzee wa watu abebe ujinga wangu. Kikao kikaahirishwa hadi Alhamisi.

Jana nilikwenda Hewani. Nilimkuta Naomi anapalilia na nyanya yake, miguu imejaa matope, sketi ya shule niliyomshonea mwenyewe imeanikwa uani, imefuliwa ingawa hana pa kuivaa. Alinikaribisha vizuri. Hakulia, wala hakuniuliza nimepiga kura gani. Tulipokuwa tunaagana akasema tu, "Anti, ningesema si kweli, saa hii ningekuwa darasani?"

Jibu ni ndiyo. Nililijua, nikashindwa kulitamka. Nilimwambia avae kofia, jua ni kali. Hebu fikiria, Mama. Kofia!

Bado sijui kama kanisa lina haki ya kuchagua watoto wa shule yake. Nikimsikiliza mchungaji naona lina haki, na yeye si mtu mbaya. Wewe ndiye uliyemzika mkewe kwa mikono yako, unamjua. Sijui Mungu alimjibu nini Naomi, kama alimjibu. Ila mtoto huyu tulimfundisha sisi kusema kweli, akaisema, na mimi siwezi kuwa mtu wa kumwonyesha kwamba uongo ungemfaa zaidi. Hilo moja ndilo lililo wazi kwangu, na mengine yote ni ukungu.

Nakuahidi hivi. Alhamisi nitasimama, nimwombe Mzee Godana radhi mbele ya wote, niseme punje zile mbili zilikuwa zangu. Kisha punje ya mpunga nitaiweka juu ya meza, bila kibuyu, bila kitambaa, kila mtu aione. Huenda wakaniondoa. Huenda kanisani wakaanza kukaa mbali nami. Naogopa, siwezi kukudanganya.

Kwaheri, Mama. Sitajua kamwe wewe ungetia ipi. Kama ni mahindi, nakupenda vilevile, lakini Alhamisi sitakufuata.

Mwanao,
Esta